Milango Rangi ya Maziwa

9 Februari

Mdogo wangu,

Salamu za huku ni zile zile na goti langu ni lile lile, kwa hiyo nianze na habari. Nimepaka milango. Yote. Nilianza na wa mbele Jumatatu, jana nikamaliza wa bafu la juu, na sasa nyumba nzima, ukuta na mlango, ina rangi moja ya maziwa, ile ninayowapakia wateja wanaojua wanachotaka. Nimepiga mikono miwili ya rangi, mmoja juu ya mwingine, ndani na nje. Nilipomaliza nilikaa kwenye ngazi na kikombe changu cha chai, nikatazama juu na chini, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe humu nikaona nyumba ya watu wazima.

Najua utanuna. Wewe ulikuwa mtoto, ulidhani baba alipaka kila mlango rangi yake ili akufurahishe. Alipaka hivyo kwa sababu alikuwa akirudi kazini na mabaki ya makopo: bluu ya zahanati, kijani ya shule, manjano ya duka la mikate, nyekundu ya kituo cha zimamoto. Wewe hukuitwa Viraka darasani miaka saba. Mimi niliitwa, na yupo mmoja mpaka leo akiniona sokoni hunisalimu kwa jina hilo, mtu ana wajukuu. Fundi rangi anayeishi kwenye nyumba ya namna ile ni sawa na kinyozi mwenye nywele za miezi mitatu.

Mpangaji wetu hana neno. Yule fundi cherehani niliyekuandikia habari zake Agosti, aliyeletwa na muuguzi. Muuguzi alisema mama huyu alipata kiharusi mwaka juzi na anahitaji mtu wa kumtupia jicho, lakini mimi sioni alichopungukiwa. Mikono yake inapitisha uzi kwenye sindano kabla mimi sijafungua kopo, na mdomo wake unafanya kazi vizuri zaidi ya mikono. Miezi sita na hajanipa shida hata moja. Ametushonea mapazia ya ngazini bila kuombwa.

Mwalimu wa chumba cha pili anakusalimu.

Kaka yako


21 Februari

Kaka,

Nimenuna kama ulivyotabiri, siku mbili, kisha nikachoka. Nyumba ni yetu sote wawili lakini brashi ni yako.

Ila juzi nilisinzia mchana kwenye chumba cha mashuka, nikajikuta nyumbani. Nilipanda ngazi, nikafika juu, milango yote imefungwa, na nyuma ya mmoja wao baba alikuwa anapiga mluzi. Sikujua ni upi. Nilisimama tu na viatu mkononi. Zamani ningejua, si unakumbuka? Baba yuko manjano ananyoa ndevu, mama yuko kijani anakunja nguo, wewe uko bluu umenuna. Nilikuwa nawajua mlipo kwa rangi.

Huku wamenipandisha cheo, sasa ni msimamizi wa ghorofa ya tano hapa hotelini. Maana yake ni vyumba thelathini na viwili, vitanda vyake, na nywele za watu kwenye mabeseni yake.

Mwambie fundi kwamba yale mapazia ya zamani nilishona mimi nikiwa na miaka kumi na minne. Amefanya vyema kuyaondoa.

Mdogo wako


17 Machi

Mdogo wangu,

Zile sifa nilizompa fundi, nirudishie.

Nianzie wapi. Alhamisi mwalimu anatoka kuoga, kajifunga taulo, anaingia chumbani kwake na kumkuta mama huyu amekaa kitandani, miguu inaning'inia. Mama anamwambia, "Umekosea chumba, kijana." Kwa upole kabisa. Mwalimu akaomba radhi, akatoka, akafunga mlango. Alisimama ukumbini na taulo dakika nzima ndipo akakumbuka kwamba chumba ni chake. Tangu siku hiyo anaoga amevaa.

Jumapili nimemkuta ameketi kwenye ngazi, ya nne kutoka juu. Nikadhani amechoka. Saa nzima baadaye yupo pale pale. "Mama, unangoja nini?" Akasema, "Nangoja nyumba itulie." Mimi nikacheka, yeye hakucheka.

Juzi, saa tisa mchana, yuko chumbani kwangu. Kwangu! Anakunja suruali zangu. Ananitazama kama mimi ndiye mgeni na kuniuliza kama nataka zipunguzwe kiunoni. Sikuiba wala sikuibiwa, lakini nilitoka kinyumenyume kama mwizi.

Hayo yote ningeyameza. Kinachonikaba ni chaki. Anachora kwenye kuta zangu, mdogo wangu. Chaki ile ya mafundi cherehani, ya pinki, pembeni ya kila mlango: nusu duara, msalaba, vistari vitatu, pembe. Juu ya mikono miwili ya rangi ambayo haijamaliza miezi miwili. Kila asubuhi nachukua kitambaa chenye unyevu nafuta, na pasipotoka napiga brashi. Kesho yake zimerudi. Hatuzungumzi. Yeye anachora, mimi nafuta, tukikutana tunasalimiana. Siku moja tu nilishindwa kujizuia, nikamwambia, "Mama, ukuta si kitambaa." Alinitazama, akasema, "Kumbe ni wewe," akaingia ndani. Akaingia bafuni, kwa kweli, akakaa humo mpaka nikaenda zangu.

Ni kiburi tu. Ananichokoza.

Kaka yako


2 Aprili

Binti yangu, mwenye nyumba wa mbali,

Hatujaonana, lakini mapazia yako ya ngazini nimeyaona, mshono wa mtoto mwenye subira. Nimeyafua na kuyaweka. Anwani yako nimeitoa nyuma ya bahasha ambayo kaka yako aliiacha mezani jikoni, au mahali ambapo siku hiyo palikuwa jikoni.

Nimeshona miaka arobaini na sita. Nimeshona magauni ya maharusi na baadaye nikawashonea binti zao. Nakuambia haya ili ujue sina wazimu, maana nitakayosema yana harufu yake.

Nyumba yenu inatembea. Haiendi mbali. Nikiwa nimekaa kwenye cherehani imetulia, naisikia inapumua, mwalimu anasahihisha madaftari, kaka yako anakwaruza kopo huko chini. Lakini nikitoka na kufunga mlango nyuma yangu, vyumba hubadilishana nafasi kama watoto wanaogombania viti. Nageuka, na mlango niliotokea haupo. Ipo minne, imesimama kimya, yote inanitazama. Si vibaya kuitazama. Saa kumi jua linapoingia kwa dirisha la ngazi, ukumbi wote wa juu unakuwa kama ndani ya yai, mweupe na wa vuguvugu, na mara nyingine nimekaa humo mpaka nikasahau nilikuwa nakwenda wapi. Lakini mtu mzima anahitaji kufika chooni.

Miezi ya kwanza haikuwa hivi. Ilikuwa nyumba ya adabu, nilikwenda na kurudi bila kufikiri. Sijui nilikuwa najuaje, na sijui ni lini niliacha kujua.

Basi nikaanza kuweka alama, kama ninavyoweka kwenye kitambaa: hapa kunja, hapa kata, hapa usiguse. Chaki yangu haiumizi ukuta, inatoka kwa kitambaa chenye unyevu. Shida ni kwamba inatoka. Kila asubuhi hazipo. Mwanzoni nilidhani nyumba inazimeza. Kisha nikajua ni kaka yako, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu mtu akikufutia njia kila siku bila kusema neno, anakuambia kitu. Nimemsikia. Tunapishana kwenye ngazi tukisalimiana vizuri sana.

Usimweleze haya, tafadhali, wala muuguzi. Muuguzi akisikia nimepotea ndani ya nyumba ataandika kwenye faili lake, na faili lile huishia kwenye nyumba ya wazee nje ya mji, vitanda kumi na tisa kwenye mstari, vyote na shuka moja. Nilikwenda kuwaona wenzangu huko. Sitaweza, binti yangu. Naomba tu umwambie, kama jambo linalotoka kwako, aniachie alama tatu. Ya chumba, ya choo, ya ngazi. Tatu tu.

Mpangaji wako wa juu


6 Aprili

Mdogo wangu,

Maji yamenifika shingoni, na safari hii ni maji ya kweli. Fundi alifungua bomba la bafu, akatoka kufuata taulo, hakurudi. Nilipopanda, ngazi zilikuwa zinateremka maji kama mto, na yeye yuko kwenye kile chumba kitupu cha kuanikia nguo, amesimama katikati, taulo limekunjwa vizuri mkononi, ananitazama. Dari ya sebule imevimba usiku kucha na asubuhi imeshuka yote juu ya viti vya marehemu mama yetu.

Alipiga magoti akafuta sakafu pamoja nami saa mbili nzima. Hakujitetea. Nakiri roho iliniingia huruma. Kisha nikainua macho nikaona, pembeni ya mlango wa bafu, nusu duara mpya kabisa, ya pinki. Ikaisha huruma.

Nimeandika karatasi ya kumtaka ahame mwisho wa mwezi. Mama aliiacha nyumba kwa majina mawili, kwa hiyo inataka sahihi mbili. Yangu iko tayari. Nimezungumza na muuguzi, anasema ipo nafasi kwenye nyumba ya wazee nje ya mji. Si jela, ina bustani. Mimi ni fundi rangi, si mlezi. Sikuzaliwa na moyo huo, na goti hili haliwezi tena kupanda ngazi mara kumi kwa siku kuangalia bomba.

Tia sahihi.

Kaka yako


15 Aprili

Kaka,

Nimetia. Karatasi imo humu.

Nilikuficha jambo: aliniandikia. Barua nzuri, mwandiko umenyooka, na ndani yake anasema nyumba inatembea. Niliisoma mara mbili wakati wa chakula. Nikajisemea, huyu akili imeshaondoka, huyu si wa kuishi kati ya mtu mwenye goti na mwalimu mwenye aibu. Aliniomba nikuombe kitu nami sijakuomba, na sasa hakina maana tena.

Mpe mkononi, mwambie mwenyewe kwa kinywa chako. Usimpitishie chini ya mlango.

Mdogo wako


19 Aprili, saa saba mchana

Kaka,

Usimpe. Namkabidhi dereva wa basi barua hii sasa hivi ili iwahi ile ya posta. Kama karatasi imeshafika, ichane.

Nisikilize mpaka mwisho, usianze kubishana na mimi huko jikoni. Leo asubuhi wametoa namba za shaba kwenye milango ya ghorofa yangu, zote, kwenda kuzing'arisha. Nikatoka kwenye chumba cha mashuka na mzigo wangu mikononi, nikaenda kama ninavyokwenda siku zote, nikainua macho. Milango thelathini na miwili, myeupe, huku na huku. Miaka kumi na mmoja nafanya kazi kwenye ukumbi ule. Sikujua nilipo. Nikageuka nirudi nilikotoka, nikakuta huku nako ni kule kule. Ukumbi ukawa mrefu, ukawa kimya. Nikafungua mlango nikamkuta mzee anavaa soksi. Nikaomba radhi, nikacheka. Kisha kicheko kikakatika, nikakaa chini juu ya mashuka safi, jambo ambalo humfukuzisha mtu kazi.

Nimerudi chumbani kwangu na kuzipanga barua zako kitandani kwa tarehe. Sikia ulichoandika mwenyewe. Tarehe tisa Februari, aya ya kwanza: nimepaka milango, yote. Aya ya tatu ya barua hiyo hiyo: miezi sita na hajanipa shida hata moja. Barua inayofuata ni mwalimu na taulo lake.

Hakuanza kutusumbua, Kaka. Tulimzimia taa. Kiharusi hakikuchukua mikono yake wala mdomo wake, ndiyo maana ulidhani hakikuchukua kitu. Kilichukua njia. Hajui chumba kiko upande gani, alikuwa anajua kina rangi gani, na pengine yeye mwenyewe hakujua kwamba ndivyo anavyojua. Mimi nilijua hivyo hivyo nikiwa na miaka minne. Na zile chaki unazofuta kila asubuhi, ndizo alama anazojiwekea: hapa choo, hapa ngazi, hapa kwangu. Alituomba tumwachie tatu.

Mimi ninayeota kwamba sijui baba yuko nyuma ya mlango upi, nimepata barua ya mtu anayeishi ndani ya ndoto ile mchana kweupe, na jibu langu likawa kutia sahihi afukuzwe. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Usimpe.

Mdogo wako


20 Aprili, saa tano asubuhi

Mdogo wangu,

Karatasi imefika na posta ya leo, nimempa saa nne. Mkononi, kwa kinywa changu, kama ulivyosema. Aliisoma ameishika mbele ya macho, akaikunja mara nne, pembe juu ya pembe, kama leso. Akauliza, "Mwisho wa mwezi, au leo?" Nikamwambia mwisho wa mwezi, mama, hakuna anayekukimbiza. Akasema, "Afadhali leo."

Namsikia huko juu anafunika cherehani. Naenda mjini kununua vitu vya kuzibia dari. Nimefanya kwa upole, sijapaza sauti.

Nitaitia posta nikipita.

Kaka yako


23 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekaa siku tatu bila kukuandikia kwa sababu sikujua niandikeje. Sasa naandika hivyo hivyo.

Siku ile nilirudi saa saba. Chumba chake kitupu. Kitanda kimetandikwa, cherehani imefungwa kwa kitambaa, funguo mezani. Koti halipo, mkoba haupo. Nikajisemea ameenda kwa muuguzi. Nikamtuma mtoto wa jirani kwa muuguzi, hajamwona. Nikatoka. Dukani hajapita. Kituo cha basi hajapita, na yule anayekatisha tiketi anamfahamu, alimshonea mke wake. Nikazunguka mtaa mara mbili na goti hili, namuuliza kila mtu: mama mmoja mfupi, koti la kijivu, mwendo wa taratibu. Hakuna aliyemwona. Nikarudi nyumbani kuangalia kama amerudi, nikatoka tena. Mara tano nimeingia na kutoka. Mwalimu akaacha darasa lake akaenda upande wa sokoni. Kila gari lililopiga honi nilisimama.

Saa kumi na moja narudi mara ya tano, barua yako iko sakafuni, dereva ameipitisha chini ya mlango. Nikaisoma nimesimama. Nilitaka kubishana kama ulivyosema. Nikafika pale unaposema kilichukua njia, nikanyanyua kichwa nikautazama mlango wa mbele kwa ndani. Rangi ya maziwa. Mikono miwili.

Mtu anayeondoka nyumba hii, mdogo wangu, inabidi kwanza aupate mlango.

Nikaanza kufungua. Chumba changu, jikoni, bafu la chini. Nikafungua stoo iliyo chini ya ngazi. Alikuwa humo. Amekaa juu ya ndoo niliyoipindua, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba magotini, gizani, maana swichi iko nje. Tangu saa tano. Mara tano nimepita mbele ya mlango ule nikienda kuulizia habari zake kwa watu baki.

Nikamuuliza, kwa nini hukuita? Akasema, "Mtu aliyefukuzwa haombi kuonyeshwa njia." Kisha akasema, taratibu, hana hasira, "Nilikuwa nakutii, mwanangu. Nimetafuta mlango wa kutoka ili nikutii. Sikuupata."

Nililia. Nimekaa sakafuni kwenye stoo yangu mwenyewe nimelia kama siku tuliyomzika baba, na yeye ananishika kichwa na kuniambia nisiegemee ukuta, kuna rangi.

Mwanga uliingia kutoka ukumbini ukapiga rafu ya chini. Unajua makopo ya baba yapo bado? Sijawahi kuyatupa. Miaka yote nimeyaonea aibu na sijayatupa, usiniulize. Vifuniko vina michirizi, na juu ya kila kimoja ule mwandiko wake mbaya. Fundi akayatazama moja moja. Akanyoosha kidole kwenye lile la tatu. "Hiyo," akasema. "Hiyo ndiyo ilikuwa kwangu." Akawa kama mtu aliyekutana na ndugu yake kituoni.

Tumepanda juu nimemshika mkono. Nimemfungulia cherehani.

Rangi yenyewe imekauka, jiwe tupu. Itabidi niichanganye upya. Nimeukwangua mlango wake kwa msasa mpaka nikaifikia bluu ya baba huko chini, alama kama ya sarafu, na nimejaribu kuifuata. Sikuwa na karatasi karibu ila ile tuliyotia sahihi, nikaigeuza nikajaribia juu yake. Nakutumia. Michirizi mitatu. Wewe ndiye uliyekuwa ukiipenda milango ile, niambie ni upi.

Kaka yako


2 Mei

Kaka,

Wa tatu. Nimeupeleka dirishani mara nne. Sahihi yangu inaonekana kwa nyuma ya bluu, kwa hiyo piga mikono mitatu.

Barua iliyo ndani ni ya fundi. Usiifungue. Nimemuomba radhi kwa maneno yangu mwenyewe na sitaki uyasahihishe.

Na wa mbele uwe mwekundu. Mwekundu kabisa, wa zimamoto. Najua watakavyokuita.

Mdogo wako


19 Mei

Binti yangu,

Barua yako nimeiweka kwenye kopo la vifungo, mahali ninapoweka vitu visivyopotea. Usirudie kuomba radhi, mara moja inatosha na ilikuwa imeshonwa vizuri.

Nyumba imetulia. Bafu ni manjano, ukiwa ndani unajisikia kama uko kwenye mkate, na nimemwambia kaka yako hivyo, akasema mkate uliokuwa mzuri kwa baba yake utakuwa mzuri kwangu. Mwalimu ni kijani, anaimba anaposahihisha, naomba umwandikie aache. Muuguzi amekuja na faili lake, akapanda, akashuka, akaenda msalani mwenyewe bila kuuliza, akaandika maneno mawili matatu na kulifunga. Kaka yako alisimama jikoni muda wote huo na kikombe kitupu.

Bado naweka chaki, ya ngazi, kwa sababu ngazi haina mlango. Anapofuta kuta anaizunguka. Jana nimemwona amechutama na lile goti lake, kitambaa mkononi, anafuta taratibu pembeni mwa nusu duara kama anayemnawisha mtoto uso. Hakujua namtazama. Na asubuhi akishapanda na chai ananiuliza, "Mama, leo imelala wapi nyumba yetu?" Nami namwambia. Siku mbaya bado zipo. Siku hizo tunakaa wote wawili kwenye ngazi ya nne tukingoja.

Jumamosi alikuwa anamalizia mlango wa mbele. Akapita mtu wa umri wake, ana mjukuu mkononi, akasimama nje akaita, "Viraka!" Nikaacha cherehani nikaja dirishani, maana hadithi hiyo alinisimulia siku ya stoo. Kaka yako alibaki na brashi juu, rangi nyekundu inamtiririka mkononi. Akageuka akasema, "Naam." Kisha akasema, "Karibu ndani, unaona mwenyewe mlango ulipo." Walikunywa chai mpaka jioni na mimi ndiye niliyewaletea sukari, kutoka jikoni, moja kwa moja.

Kuna jambo moja nakuachia wewe tu. Bluu si ile. Ya kwanza ilikuwa na kijani kidogo ndani yake, kama maji yaliyokaa kwenye chupa. Hii imeelekea kwenye zambarau. Jicho lililochagua uzi miaka arobaini na sita halidanganyiki, na wewe, binti yangu, ulichagua wa tatu wakati wa pili ulikuwa karibu zaidi. Alipomaliza mkono wa tatu alisimama pembeni, ana rangi mpaka kwenye nyusi, akaniuliza, "Mama, ndiyo yenyewe?"

Nikamwambia ndiyo yenyewe. Nawe usimwambie. Leo saa kumi nilitoka kuanika nguo, nikageuka, na milango minne ikanitazama. Nikaitazama nami. Nikaingia kwangu.

Mpangaji wenu wa mlango wa bluu